Nilivyoziba nyumba yangu nzima ili ipoe, mke wangu akahamia banda la jiko

Wakuu, assalaam alaykum, na kwa ndugu zangu Wakristo, heshima zenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu ndani ni wachache.

Ninayoyasimulia yamenitokea mimi mwenyewe hapa Baleni, Mafia. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hayahitaji. Yalivyo tu yananitosha kuchekwa.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nyumba yangu ni ya matofali na bati. Zamani ilikuwa ya makuti, kisha Mungu akaniruzuku nikayavua nikapaua bati. Siku ile nilisimama barabarani nikaitazama inavyong'aa mpaka jirani akaniuliza kama nimepotea njia.

Tatizo la bati kila mtu wa pwani analijua. Msimu wa kaskazi, ikifika alasiri, ndani hamkaliki. Dawa yangu ikawa feni mbili, moja sebuleni na moja chumbani, zinazunguka kutwa.

Sasa Ijumaa moja nikatoa mawaidha juu ya israfu, yaani ubadhirifu. Nikasema vizuri sana, wakuu. Maji, chakula, umeme, vyote ni neema na tutaulizwa. Watu wakatikisa vichwa.

Tunatoka msikitini, Mzee Kombo, rafiki yangu tangu utotoni, akanishika mkono.

"Maalim, mawaidha yameniingia. Ila nimepita kwako asubuhi, milango imefungwa, hamna mtu, feni zinavuma. Zinampepea nani? Majini?"

Nikaharakisha nyumbani kuzizima.

Hayo tungeyamaliza kwa mzaha, lakini nyumbani kulikuwa na jambo zito. Mke wangu, Bi Zuhura, ana presha. Zahanati walimwambia ajiepushe na joto kali. Binti yetu Rukia yuko Dar, nyumba yake ina kiyoyozi, na kila akipiga simu maneno ni yale yale: "Mama aje kwangu mpaka joto lipite."

Mpaka joto lipite maana yake Ramadhani nzima. Wakuu, tangu tumeoana sijawahi kufuturu Ramadhani bila yeye. Hata kuwaza nilikuwa sitaki.

Nikamwambia, "Nipe muda. Nitaipoza nyumba hii bila kiyoyozi na bila feni."

Akanitazama. "Haya, Baba Rukia. Ramadhani ikikaribia na nyumba ikiwa hivi hivi, mimi napanda boti."

Nikaingia kwenye simu kutafuta elimu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini Kiarabu Alhamdulillah nakisoma na nakisikia. Nikapata video ya bwana mmoja anafundisha kwa Kiarabu fasaha namna ya kupunguza matumizi ya umeme nyumbani. Alianza kwa Bismillahi. Nikasema huyu hawezi kunidanganya.

Na kweli hakunidanganya. Alisema ziba kila tundu, hewa isiingie wala isitoke, na juu ya dari jaza kitu chepesi chenye nyuzinyuzi. Yote sahihi kabisa.

Ila bwana yule alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, na kila akisema, mvuke unamtoka mdomoni. Mwenzenu nikaona ni udhu tu, labda maji hayajamkauka usoni. Sikujiuliza hata kidogo.

Kitu chenye nyuzinyuzi Mafia hakitafutwi. Tuna usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Nikakusanya magunia. Dari sina, basi ule uwazi kati ya ukuta na bati, ambao wazee wetu waliuacha na mimi nikauona ni ujenzi usiomalizika, nikaushindilia usumba pande zote. Matundu ya hewa juu ya madirisha nikayapiga saruji. Chini ya milango nikaweka vitambaa.

Feni zote mbili nikazipeleka madrasa, nikawaambia watu msikitini kwamba kwangu feni zimekwisha kazi.

Wakuu, siku ya kwanza mpaka adhuhuri palikuwa panavumilika. Nikatembea mle ndani mikono nyuma kama bwana afya.

Ikaingia alasiri.

Joto likaingia kwa bati, likatafuta pa kutokea, likakosa. Likakaa na sisi. Kanzu ilinishika mgongoni. Mafuta ya nazi kwenye chupa yalikuwa kama maji. Mzee Kombo alikuja kunitembelea, akakaa kidogo, akasimama.

"Maalim, nimekumbuka nina kazi."

"Kazi gani saa hizi?"

"Ya kupumua."

Bi Zuhura akasema, "Umetujengea tanuri la mofa. Limebaki kuleta unga."

Mimi nikamhubiria subira. Nikamwambia kitu kama hiki kinataka siku kadhaa ndipo kifanye kazi. Aliyehitaji kusubiri hakuwa mimi mwenye afya, alikuwa yeye mwenye presha, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko kuchekwa.

Kesho yake akachukua mkeka na mto, akahamia banda la jiko uani. Anashinda huko, anakuja ndani kulala tu. Siku chache baadaye nikaona mfuko wake wa safari umewekwa nyuma ya mlango, kanga zimekunjwa ndani. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unaishia, Ramadhani iko mlangoni.

Nikaenda bandani kumbembeleza. Ilikuwa alasiri, jua kali. Nikakaa ukingoni mwa mkeka nikitafuta maneno. Kabla sijayapata, nikagundua kanzu yangu imekauka. Upepo unapita. Nikainua macho.

Juu yangu yalikuwa makuti. Makuti ya nyumba yangu ya zamani, yale yale niliyoyavua kwa fahari nikaliezekea banda ili yasipotee bure. Na kati ya ukuta na paa kuna uwazi.

"Unatazama nini?" akauliza.

"Natazama nyumba yetu."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikajua nimepewa nafasi nyingine.

Nikazibua kila nilichoziba, nyundo mkononi, jasho linanitoka na nafsi inanisuta. Kisha tukapanga fito juu ya bati, tukaezeka makuti juu yake, pakabaki nafasi ya upepo kupita katikati. Majirani wakaja kusaidia na kucheka, sidhani kama kuna aliyekuja kwa kimoja tu.

Mzee Kombo toka chini: "Maalim, ulivua kanzu ukavaa suti. Leo unavaa kanzu juu ya suti?"

Nikamjibu, "Suti ina joto, shehe."

Msidhani hapo niliacha ujinga. Nilifunika paa lote, nikasahau kwamba maji yetu ya mvua yanatoka kwenye paa hilo hilo. Ikanyesha manyunyu, maji ya tenki yakatoka rangi ya chai. Bi Zuhura akaniuliza kama niongezewe sukari. Nikapanda tena, nikavua makuti upande wa mashariki unaojaza tenki, nikaacha ule wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Umetosha.

Mwezi ulipoandama, nilimwona anafungua ule mfuko, anarudisha kanga kabatini moja moja. Nikatoka uani nikasujudu pale pale kwenye mchanga.

Sasa nyumba haina ubaridi wa Dar, nisiwadanganye. Lakini alasiri tunakaa ndani, na feni moja nimeirudisha, inawashwa akiwepo mtu. Nyingine imebaki na wanafunzi.

Nilichojifunza, wakuu: ukitaka kupunguza umeme nyumbani, anza kwa kuuliza jua la kwako linapiga wapi na upepo wako unatoka wapi. Mtaalamu wa mbali msikilize, ila mtazame na kofia aliyovaa, asije akawa yeye anafukuza baridi. Na mawaidha, mtu aanze kujipa mwenyewe.

Anayejua namna ya kuyakinga makuti na moto na panya aniandikie hapa chini. Na waliowahi kuharibu nyumba kama mimi nao waje, nisikae peke yangu.

Bi Zuhura amesoma juu ya bega langu, anasema niwaambie na usumba ulikokwenda. Nimemshonea godoro. Anasema katika ujenzi wangu wote, hicho ndicho nilichopatia.