Gonga Nikikosea

Kwa miaka ishirini na saba alifungua na kufunga pampu za maji, hadi watu wakasahau jina lake, wakamwita Fundi Pampu. Kwa hiyo daktari, binti wa umri wa mwanawe, alidhani anamrahisishia mambo.

"Baba, moyo ni pampu tu. Vali moja imechoka. Tutausimamisha kidogo, mashine ishike kazi, tubadilishe vali, kisha tuuwashe."

Fundi alikodoa macho. Vali amebadilisha zisizo na idadi, huku akipiga soga. Sasa vali yenyewe ilikuwa yake.

"Mwanangu, pampu nazijua. Nimezipasua zote, sijakuta aya hata moja ndani. Humu mwangu zimo sura thelathini na saba za Kurani, tangu nikiwa mtoto."

Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba kumbukumbu hukaa kwenye ubongo, ingawa moyo nao una neva zake, hupeleka habari kule juu na kupokea.

Badala ya kumtuliza, maneno hayo yalimmaliza nguvu. Kumbe hata wao wanakiri kuna kitu humo! Mwalimu wake wa madrasa alimfundisha kwamba mtu hufahamu kwa moyo, na imani makao yake ni hapo. Ukizimwa, nani atalinda mlango? Je, akiamka hajui kusali? Akimtazama mkewe kama mpita njia? Fomu ya ridhaa akaondoka nayo bila saini.

Nyumbani walikuwa na desturi yao. Baada ya sala ya alfajiri yeye husoma sura kwa ghibu, bila kutazama, mkewe kashika msahafu; akikosea, mke hugonga ukingo wa kitanda kwa kidole, hasemi neno. Asubuhi iliyofuata alianza sura anayoijua kama njia ya kazini, akakosea katikati. Mke akagonga. Akarudia. Mke akagonga tena.

"Zimeanza kutoka," alinong'ona.

"Hazijatoka. Umejaa hofu, basi. Moyo wanaousema masheikh si nyama peke yake, baba wee. Aliyeuweka ndiye anayeulinda. Kwani kila ukilala huwa unaamka huna dini?" Akamtazama. "Na ukinisahau mimi, utaniposa upya. Safari hii sikubali haraka."

Fundi akaitoa ile fomu. Akatia saini, herufi zimepinda kama msafara wa siafu.

Alipofumbua macho baada ya upasuaji, mpira wa kupumulia ulikuwa kooni; hawezi kusema. Mashine zilikuwa zikilia pembeni. Je, sura zipo? Hakuthubutu kuanza hata neno la kwanza, asije akakuta patupu.

Mkewe aliingia, macho mekundu. Akaanza kumsomea kwa sauti ya chini, bila msahafu. Hofu ikamchanganya, akaruka aya.

Tik! Kidole cha Fundi kiligonga chuma cha kitanda.

 Mke akarudia, akaruka palepale. Tik! Tik! Safari hii Fundi alikunja na uso, kama aliyeomba spana akaletewa nyundo.

"Haya, nimesikia," mke alisema, machozi yakimdondoka. "Usinigombeze."

Moyo wa Fundi, pamoja na vali yake mpya, ulikuwa ukienda mbio. Bado alikuwa anaogopa. Akalala akiusikiliza, kidole kikiwa tayari juu ya chuma.