Mgeni wa Deolinda Aliyevaa Nguo Nyeusi

Jirani yangu Deolinda amevaa nguo nyeusi tangu bahari ilipomchukua mumewe, Abílio, isimrudishe hata kwa maziko. Hapa Nazaré, mji wetu wa wavuvi, mjane wa umri wetu havui nyeusi mpaka naye azikwe. Zile sketi zake saba za rangi, ambazo sisi wanawake wa wavuvi huvaa moja juu ya nyingine, alizikunja akazifungia sandukuni. Kazi hakuiacha. Alipasua samaki, akawatia chumvi, akawaanika kwenye nyavu pale mchangani, na chumba cha juu akawakodishia wageni. Ila hakupanda tena kwenye mnara wa taa, kule mwambani juu ya Ufuo wa Kaskazini, kwa sababu chombo cha Abílio kilivunjikia chini yake.

Ni huko huko siku hizi wanakokuja vijana wa dunia nzima kuteleza na mbao zao, kwenye mawimbi yanayoinuka kama majengo ya ghorofa. Sisi tulilelewa kuyakimbia. Wao wanayafuata. Mimi siwahukumu, nawaombea tu.

Novemba moja alishuka kwenye basi mama kutoka Brazil, jina lake Iracilda, amevaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni. Deolinda alimfungulia mlango, akamwangalia, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, dada yangu. Mungu amlaze mahali pema."

"Amlaze nani?"

"Usijichoshe kusema. Ingia ule kwanza."

Nikaitwa. Nilikuja na supu ya kuku, na Felismina wa nyumba ya pili akaja na mshumaa. Tukamkalisha mgeni katikati, tukaanza rozari ya marehemu. Yeye alidhani ndiyo desturi yetu ya kupokea wageni, akaitikia kwa adabu, mpaka Felismina aliposhindwa kuvumilia.

"Bwana alikuwa mvuvi?"

"Bwana gani?"

"Marehemu, mama."

Iracilda akaweka kijiko chini. "Mume wangu yuko nyumbani, anauza matairi. Nimemfuata mwanangu Jandir, anateleza na ubao. Kesho anaingia majini." Akatuangalia mmoja mmoja. "Kuna kitu mnanificha?"

"Sasa hizo nyeusi ni za nini?" Deolinda akauliza.

"Za safari! Hazionyeshi uchafu."

Felismina akaangua kicheko. "Yesu wangu! Tumemzika muuza matairi akiwa hai!"

Mimi nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Iracilda hakucheka. Aliupuliza ule mshumaa kwa haraka ukazimika.

"Mmeomba sala ya maiti," akasema, "na mwanangu bado hajagusa maji."

Jandir alipokuja jioni kumsalimu, mama yake alimshika shati akimsihi asiingie majini. Kijana alimbusu kwenye paji la uso. "Mama, hiki ndicho nilichokifanyia mazoezi miaka yote. Njoo uniangalie tu."

Asubuhi Iracilda alikuwa amekaa kitandani, amevaa zile zile nyeusi. Alisema akipanda kule mnarani mwanawe atakufa, na asipopanda atakufa bila mama. Deolinda hakubishana naye. Alifungua sanduku.

"Hapa mtu aliyeingia majini hasubiriwi na nguo za msiba. Vua."

"Zote hizi nizivae?"

"Zote. Upepo wa kule hauna huruma."

Alimfunga sketi moja moja kiunoni, akamvisha na aproni.

"Nitapanda," Iracilda akasema, "lakini na wewe uje."

Deolinda akafanya ishara ya msalaba, akachukua shali yake. Nami nikawafuata.

Bahari ilikuwa inanguruma mpaka ardhi inatikisika. Watu walijaa kwenye ukuta wa mnara. Tulimwona Jandir, mdogo kama inzi, anashuka kwenye wimbi la kijani, na wimbi likamvunjikia. Ubao ukatokea peke yake. Yeye hakutokea.

Iracilda alijifunika uso. Deolinda akamvuta mikono kwa nguvu nisizozijua kwake.

"Usifumbe macho! Mwite!"

"Hatanisikia!"

"Mwite!"

Wakamwita wote wawili, na mimi nikaita, na wazee wa pale ukutani wakaita. Wimbi la pili likapita pale pale. Halafu kichwa kikaonekana kwenye povu, na mwenzake mwenye pikipiki ya majini akamfikia, akamkokota hadi mchangani.

Iracilda alikusanya sketi zote mikononi akateremka mbio. Nilimwona toka juu akimzaba kofi mwanawe, kisha akimkumbatia, naye kijana anakohoa na kucheka.

Watu wakashangilia, wakaanza kwenda zao. Deolinda alibaki ameshika ukuta, uso umeelekea majini.

"Dada, ameshatoka," nikamwambia. "Mzima kabisa."

"Nimeona. Mungu ashukuriwe. Wewe tangulia."

Sikutangulia. Nilisogea nikasimama naye. Ndipo akaita, si kwa kelele, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia zamani mlangoni chakula kikiwa tayari:

"Abílio."

Akasubiri kidogo, akaita tena.