Kushika Si Kushona

Katika hospitali ya Waafrika pale Eldoret, kazi yangu ya udresa, yaani usaidizi wa daktari, kwenye chumba cha upasuaji ilikuwa moja tu: kushika ndoana ya chuma na kuvuta tumbo la mgonjwa libaki wazi, daktari Mzungu aone ndani. Nimevuta matumbo ya nusu ya Uasin Gishu. Mkono wangu ungeweza kukokota plau bila ng'ombe.

“Kamata sana! Hapana tingisa!” alikuwa akifoka. Nikimwomba sindano nishone japo ngozi, jibu ni lile lile: “Wewe tazama. Kutazama ndiyo kusoma.”

Nikatazama miaka. Halafu nikachaguliwa kwenda Nairobi kusomea upasuaji wa macho. Nilifurahi ajabu, maana kope za mama yangu zilikuwa zimegeukia ndani, nywele zake zinamkwaruza macho kama miiba, na kila nikizing'oa kwa kibano zinaota tena. Nilimwahidi nikirudi nitazinyoosha kope zenyewe.

Siku ya kwanza kila mwanafunzi alipewa kichwa cha mbuzi ashone kope. Mkono wangu ukafanya ulichofunzwa: ukavuta. Kope ikanyofoka, ikatoka dirishani, nadhani ilitua Thika.

“Huko kwenu walikufundisha nini?” mwalimu akauliza.

“Kushika, bwana.”

Nikarudishwa na treni ya kesho yake.

“Karibu, Daktari wa Mbuzi!” dresa mwenzangu akanipokea. Lakini aliyenichoma ni daktari wetu: “Mimi hapana jua kwa nini wao nafukuza wewe. Wewe nakamata mzuri kabisa!”

Damu ilichemka, ingeivisha mahindi ya hospitali nzima. Jumatatu, kabla mgonjwa wa ngiri kutoka Moiben hajaletwa, nikaiweka ndoana mezani.

“Bwana Daktari, leo sishiki mpaka useme nitashona.”

Akawa mwekundu kama pilipili. Mwisho akasema, “Ngozi tu.”

Upasuaji ulipokwisha akanipa sindano. Mshono wa kwanza ulipinda kama njia ya udongo ya kwenda kule Ziwa wakati wa mvua. Wa tatu ukanyooka.

“Kumbe wewe najua! Kwa nini hapana sema?”

“Sikujua, bwana. Nimejua sasa hivi.”

Kujifunza kulichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai! Miaka yote ile, sikupewa hata muda wa kikombe kimoja. Na nafasi ya Nairobi alishapewa mtu mwingine.

Jioni nilifika nyumbani Kiplombe. Mama akanipapasa uso. “Sasa, mwanangu, wamekufundisha?”

“Bado, Mama. Inua uso.”

Nikachukua kibano, nikaanza kumng'oa nywele za kope moja moja, kama zamani.