Mama Mining wa Swali la Asubuhi

Soko la La Paz, safu ya ng'onda, redio huwashwa kabla ya meza kufutwa. Habari zikiisha huingia Jopet Arensol na swali lake la historia. Kwanza humchokonoa mpigaji simu: umeamkaje, umekula nini, mumeo bado anakoroma? Ndipo linakuja swali, na anayelipata hujishindia mfuko wa mchele.

Mama Mining Dadivas, mjane aliyeuza ng'onda na uduvi wa kusaga jirani na meza yangu, alipiga simu kila asubuhi na hakuwahi kupata mchele.

"Mama, nani alimuua Magellan hapa visiwani kwetu?" Jopet alimwuliza siku ya kwanza.

"Joto, Toto," alijibu, maana kila kijana kwake ni Toto. "Mtu amevaa chuma mwili mzima, jua la Aprili, angeponea wapi?"

"Na Wahispania waliondoka kwa nini?"

"Walichoka nasi."

Mji mzima ulicheka. Jopet akaikata sauti ile, akaitia kwenye tangazo la sabuni, na wanafunzi wakipita sokoni wakawa wanaimba, "Joto, Toto!" Mining akatia nywele mawimbi. Wateja walikuja kumtazama, wengine wakanunua.

"Wanakucheka, wewe," Charing, shoga yake wa meza ya pili, alimwambia.

"Wewe nani anakucheka? Hata nzi hawakujui."

Kwa kuwa Jopet alimwita mama, Mining alimweleza kila kitu: mguu wake uliovimba, paa linalovuja, na mwishowe Arlyn, bintiye wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Hong Kong. Waligombana siku ya mazishi ya baba yake. Mining alimwambia mbele ya jeneza kwamba ni yeye aliyemuua mzee kwa kuondoka kwake. Tangu hapo hapakuwa na simu wala salamu.

"Unamkumbuka, mama?"

"Nimkumbuke nini? Ana mdomo kama wangu," alisema, akaanza kulia hewani. Siku hiyo simu zilimiminika studio kama mvua.

Kipindi kilipotimiza miaka kumi, wakafanya sherehe katika uwanja wa mpira wa kikapu, na Mining akawekwa kiti cha mbele. Tulifunga meza zetu tukaenda wote. Alivaa gauni la kanisani, na alikuwa amemchukulia Jopet chupa ya uduvi. Jopet aliipokea kwa vidole viwili, akaipeleka nyuma ya spika.

"Leo swali ni la historia ya nyumbani!" alitangaza. "Mama, tuna mtu kwenye simu. Alizaliwa usiku wa kimbunga, akanyonya hadi akaota meno yote, na yuko ng'ambo ya bahari. Ni nani?"

Mining akasimama. "Arlyn?"

"Mmenipigia kazini," ilisema sauti kwenye spika. "Mmeniambia mama ni mgonjwa. Mbona nasikia watu?"

"Arlyn, mwanangu, niko kwenye redio! Wanasherehekea!"

Kisha yule binti akasema, polepole, kama mtu anayepanga vyombo:

"Wenzangu huku wanakusikiliza kwenye simu zao, wanajiangusha kwa kicheko. Wakaniuliza, si jina lako hilohilo, Dadivas? Nikasema simjui. Nikasema mimi mama yangu alishakufa. Basi na wewe sherehekea."

Simu ikakatika. Watu tukaangaliana. Padri aliyealikwa kubariki sherehe alikohoa. Nilidhani Jopet ataweka muziki, amwache mama wa watu akae chini, lakini Jopet alijua kazi yake.

"Mama, usikate tamaa, mchele ungali hapa! Swali la mwisho: kabla ya leo, Arlyn aliongea nawe lini mara ya mwisho?"

Mining alijibu akiwa bado amesimama.

"Siku tuliyomzika baba yake."

"Sahihiii!" Tarumbeta zikalia. Wakamletea mfuko wa mchele, wakaulaza miguuni pake. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, na uwanja ukamfuata. Mining akaupita ule mfuko, akaenda nyuma ya spika, akachukua chupa yake ya uduvi, akatembea hadi nyumbani.

Hakupiga simu tena. Jopet alimwita hewani siku chache, "Mama, umenisusa?", kisha akapata kibogoyo mmoja wa Jaro, mtaa wa jirani, aliyekuwa akiwachanganya marais. Mji ukahamia huko.

Ujumbe wa Arlyn ulifika kwa Charing, mrefu, wa kuomba radhi. Alisema bosi wake alikuwa amesimama pale pale, kwamba hasira ilimtangulia. Charing alimsomea Mining.

"Nimjibu nini?"

"Usimjibu. Aonje kungoja."

Desemba Arlyn akaja mwenyewe, amekonda, na mfuko wa chokoleti mkononi. Akasimama mbele ya meza.

"Mama."

Mining akainua mizani. "Nusu au kilo?"

"Mama, ni mimi."

"Nusu au kilo, dada? Kuna watu nyuma yako."

Arlyn alisema nusu. Mining akampimia ng'onda, akachagua wale wanene, akafunga kwa gazeti, akampa, akamtazama mteja wa pili. Arlyn alilala kwa shangazi yake hadi siku ya ndege.

Charing alimwambia Mining kwamba ana moyo wa jiwe. Mining akasema apunguze kelele, watu wananunua.