Nyani, Jembe na Anayeitika

Shida zangu zilianza mwaka wa sitini na saba, nikiwa na miaka tisa. Mama alikufa kwa homa kule kwetu milimani, Vidunda. Baba akatuteremsha, mimi na dada yangu, hadi kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kwa shangazi yetu. Kambini watu walisema Kiswahili. Sisi tulikuwa na Kividunda tu, na watoto wenzetu wakatubatiza jina: nyani wa mlimani. Nilifika darasa la pili, nikaacha, nikaingia jikoni kwa watu. Hiyo ndiyo shule yangu yote na sikuongeza nyingine.

Waswidi walipokuja kujenga bwawa la umeme la Kidatu, nikawa yaya kwa mmoja wao. Walipofunga mizigo nikaja nao huku Stockholm. Watoto wao walipokua nikaosha ngazi za maghorofa, nikajifunza cherehani kwa kutazama, nikafungua duka la ushonaji mtaa wa Rinkeby. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kimoja tu nilichukua kwa mama bila kukinunua: hadithi zake. Kwetu hadithi ina sheria mbili. Haisimuliwi jua likiwa juu. Na haisimuliwi bila wa kuitika. Unasema maneno yako, unanyamaza, yule anayesikiliza anasema "Eee," ndipo unaendelea. Asipoitika, hadithi imekwama hapo hapo, huna ruhusa ya kusogea.

Mimi wa kuniitikia alikuwa dada. Alirudi upande wa kwetu, Kidodi, chini ya mlima, akaolewa, akazeeka, na kila Jumapili usiku tulipigiana simu. Nasimulia, anaitika. Anasimulia, naitika. Binti yangu alikuwa akipita sebuleni akicheka, ananiambia kwa Kiswidi, "Mama, mnaambizana yale yale kila wiki." Ndiyo, yale yale.

Dada alikufa mwaka juzi, mwezi wa tatu. Sikulia. Kulikuwa na mteja anataka suruali yake, nikaipinda, nikampa. Kesho yake nikafungua duka. Jumapili ilipofika nikakaa karibu na simu mpaka nikaona ni upuuzi, nikalala. Tangu siku hiyo sikusema Kividunda na mtu.

Mwezi wa tano niliteremka kufua. Huku kila jengo lina chumba cha kufulia chini, unakata zamu yako na usizidishe hata dakika, la sivyo utaandikiwa kikaratasi chenye maneno makali. Nilimkuta jirani wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa makamo aliyeolewa na Mswidi, bado anakunja mashuka. Simu yake ilikuwa juu ya mashine, inatoa sauti ya bibi kizee akizungumza lugha ambayo sijapata kuisikia.

"Lugha gani hiyo?" nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha kuoshea ngazi.

"Kimaliseet. Lugha ya kwetu, Kanada."

"Kumbe ninyi ndio wale Wahindi Wekundu."

"Mimi si Mhindi," akasema, "na wekundu huu ni wa joto la mashine."

Nikampenda hapo. Akanieleza kwamba wao ni watu wa mto, na kwamba lugha yao ina ndugu zake wengi, zote za ukoo wa Algonkini, kama Kividunda chetu kilivyo na ndugu zake. Wazee wanaoisema wamebaki wachache. Yule kwenye simu ni bibi yake, alirekodiwa kwenye kaseti zamani, ikahamishiwa simuni, naye amekwishafariki.

Nikaendelea kutia nguo. Bibi akasema, akanyamaza. Akasema, akanyamaza. Mara ya tatu aliponyamaza nikasikia mdomo wangu umesema, "Eee."

Jirani akageuka. "Umesema nini?"

"Nimeitika. Huyo mama anasubiri."

Akaizima simu. Akakaa na shuka mkononi. "Nilidhani anachoka," akasema. "Alikuwa mgonjwa." Akalikunja shuka, akaongeza: "Tulipokuwa watoto alitaka tuseme aha. Ajue hatujalala."

"Aha ni nini?"

"Ni ndiyo."

"Basi mwambie."

Akairudisha nyuma, na kila bibi alipotua, akasema, "Aha." Nguo zangu zilikuwa zinazunguka. Hatukutazamana.

Ilipoisha akaniuliza, "Na wewe, za kwenu?"

"Zangu hazina mtu."

"Mimi je?"

"Wewe hujui hata neno moja."

"Bibi yangu ulimwelewa?"

Nikamwambia haiwezekani, nje jua linawaka, na mwezi wa tano hapa linawaka hadi saa tatu usiku na zaidi. Akasema hata kwao haiwezekani: kaseti anaicheza ajifunze maneno, lakini kusimulia hasa ni wakati theluji iko chini. Tukakubaliana kungoja.

Mwezi wa kumi na moja giza likarudi. Theluji hakuna, mvua tu. Nikambishia hodi.

"Giza lipo," nikasema. "Hadithi ni yangu, sheria ni yangu."

"Anayeitika ni mimi," akajibu. "Ngoja."

Katika kungoja huko ndipo nilipojua nina hasara. Siku moja dukani, napiga pasi, nikaipitia kichwani ile ya nyani aliyeokota jembe. Mwanamke amesahau jembe shambani, nyani amelichukua, analima kama alivyomwona yeye, na hataki kulirudisha. Mwishoni analirudisha na kusema neno. Neno lenyewe sikulipata. Kila nilipofika pale, dada ndiye aliyekuwa akinitilia neno. Nikazima pasi nikasimama. Kama neno limekwenda, hadithi imekwenda, na nyingine zitafuata, na mama atakuwa mtu aliyekufa kwa homa tu, basi.

Theluji ilianguka mwezi wa kumi na mbili. Tukakata zamu ya saa kumi jioni, na saa hiyo dirisha la kule chini lilikuwa jeusi kabisa. Nikazima taa, nikakaa juu ya ndoo, yeye juu ya benchi. Nikaanza. Kividunda kilitoka kikavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Aha," akasema.

Nikaendelea. Aha. Nyani akainama kulima. Aha. Mwanamke akamsihi. Aha. Nyani akasimama, akamnyooshea jembe, akasema...

Nikanyamaza. Hapo hapakuwa mahali pa kutua. Palikuwa shimo.

"Aha," akasema yeye.

Hakujua. Lakini ameshaitika, na aliyeitikiwa lazima aendelee. Nikafungua mdomo na nyani akasema: "Chukua jembe lako. Nilidhani mnalima kwa sababu mnapenda." Nikamaliza hadithi.

Kama neno hilo ni la mama, la dada au langu, sijui. Sikusikia furaha wala uchungu. Mashine ilikuwa imeshasimama zamani.

Binti yangu akaingia na kapu la nguo. "Mnafanya nini gizani?" akauliza kwa Kiswidi.

"Kaa, uitikie. Naanza tena."

"Niitikie nini? Sielewi kitu."

"Hata mimi," akasema jirani.

Binti akakaa juu ya kapu lake, kwa kuwa mashine zote zilikuwa na nguo zetu. Akaitika mara mbili tatu, macho kwenye simu.

Leo nina nyumba ya vyumba viwili katika jengo hili, Hässelby, nimeshamaliza kuilipa. Nina duka Rinkeby na vyerehani vitatu, kimoja kibovu. Nina shamba Kidodi, na ndani yake kaburi la dada. Nina kikapu kilichosukwa kwa vipande vyembamba vya mti na shangazi wa jirani, huko mtoni kwao. Nina hadithi ya nyani, nzima. Nina nyingine mbili zenye mashimo. Nina watu wawili wa kuniitikia, mmoja anatazama simu.

Theluji si yangu. Tangu asubuhi inayeyuka, inadondoka kutoka kwenye paa, na ikiisha tutangoja tena.