Chuo chetu hakina timu ya mpira wa miguu: siku tulipolazimishwa kuwa nayo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya, nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu staff room. Leo nimeamua kutoa yangu. Chumvi sijaongeza. Majina ya watu nimebadilisha na vyuo sivitaji, lakini mambo yalikuwa hivi hivi, na kama ulikuwa uwanjani siku hiyo utajijua.

Nafundisha chuo kimoja cha uuguzi upande wa Mamboleo, Kisumu. Pia mimi ndiye games tutor, yaani mwalimu wa michezo. Hiyo kazi ya pili nilipewa kwa sababu nilichelewa kufika kwenye kikao cha walimu, nikakuta nimeshachaguliwa na makofi yameshapigwa.

Wanafunzi wetu wengi ni wasichana. Tuna netiboli, tuna voliboli. Football hatujawahi kuwa nayo.

Sasa elewa kitu kimoja ndio uzi uende vizuri.

Vyuo vya kanda yetu viko ndani ya chama kimoja cha michezo. Kuna wakubwa wenye football, na kuna sisi wadogo tusio nayo. Ratiba tunapanga pamoja, tunasafiri siku moja, na kwenye kikao kila chuo kina kura moja. Bingwa wa kanda kwa kila mchezo anaenda michezo ya taifa.

Swali lililonikaa kichwani tangu nipewe hiyo kazi ni hili: hawa watu wa football walitukubali kwa nini?

Hebu fikiria. Mtu ana uwanja wa nyasi, ana jezi za nyumbani na za ugenini, ana mashabiki wa kujaza lori. Anataka nini kwa chuo ambacho uwanja wake wa netiboli ndio pia pa kuanika mashuka ya skills lab, kile chumba cha mazoezi ya uuguzi?

Niliuliza huku na kule. Principal wetu hajui. Mwenyekiti wa kanda hajui. Kila mtu ananiambia, "Sisi tulikuta hivyo." Mimi jibu la "tulikuta hivyo" hunikosesha raha. Mume wangu anasema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa upelelezi. Sijui kwa nini anadhani lazima ningekuwa mwanamume, lakini hiyo ni ya uzi mwingine.

Basi msimu uliopita likaja pendekezo. Chuo chochote kisicho na timu ya football kitoke kwenye chama.

Kusema ukweli walikuwa na hoja. Sisi hatuna hata shin guard moja, lakini kura yetu ilikuwa inaamua mechi zao zichezwe lini na wapi. Kuna wakati tuliungana wadogo tukahamisha football kutoka Jumamosi hadi Ijumaa kwa sababu wanafunzi wetu wana zamu wodini. Wakati ule niliona tumefanya akili sana. Wenzetu waliona madharau.

Sasa nikutambulishe kwa Adhiambo, kwa sababu yeye ndiye moyo wa hii habari.

Adhiambo alikuwa kapteni wetu wa netiboli, mwaka wa tatu, mfungaji. Kwao ni Luanda Kotieno, mama yake anakausha omena, dagaa wa ziwani, pale ufukweni. Ni msichana wa maneno machache, lakini mpe mpira chini ya ile pete uone. Mara mbili alikuwa ametufikisha karibu kabisa na michezo ya taifa, mara mbili tukarudi nyumbani tumenuna. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho.

Aliposikia habari ya pendekezo alinifuata hadi ofisini.

"Madam, ina maana tukitolewa, mimi ndio basi?"

Nikamwambia tutaona. Hilo si jibu, na wote wawili tulijua.

Principal akaja na suluhisho la kiprincipal. "Madam, unda timu ya football. Wakitutaka na football, tuwape football."

Nikamuuliza, timu ya nani?

"Si wavulana tuko nao?"

Wakuu, wavulana wetu ukiwakusanya wote unapata timu na watu kidogo wa kukaa benchi, tena ukimhesabu yule anayevaa miwani mpaka bafuni. Brian tulimweka golini kwa sababu ni mrefu. Otieno akawa beki kwa sababu alisema anajua mpira, baadaye nikagundua anaujua kwa simu.

Kocha hatuna. Mimi najua netiboli. Kwa hivyo waliowafundisha ni Adhiambo na wasichana wake, pale pale kwenye uwanja wetu wa mashuka.

Unaona tatizo? Mimi sikuliona.

Kwenye netiboli ukipokea mpira unasimama, unatafuta mwenzako, unatoa. Hupigi hatua ovyo. Wavulana wetu wakashika hilo somo vizuri kabisa. Mtu akipewa pasi anakanyaga mpira, anasimama wima, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Mimi niliona ni utulivu. Nikajipongeza.

Mechi yetu ya kwanza tulipangiwa ugenini Muhoroni, na chuo kikubwa cha huko. Na siku hiyo hiyo, baada ya mechi, ndio kikao cha kanda kingepiga kura.

Jua lilikuwa kali, trekta za miwa zinapita barabarani na madereva wanapunguza mwendo watazame. Kocha wa wenyeji ni Bwana Okoth, mtu mwenye sauti ya kusikika mpaka kiwanda cha sukari. Ndiye aliyeleta lile pendekezo.

Sitawasimulia kipindi cha kwanza. Kijana wetu anapokea, anasimama, anaangalia kushoto, na mpira umeshaondoka na mtu. Mashabiki walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja karibu yangu akauliza, "Hawa wanasubiri nini?" Nikajifanya simjui mtu yeyote uwanjani.

Kipindi cha pili ndipo kilipotokea kile kitu.

Straika wao alirukia kona, akagongana vichwa na mwenzake wa timu yake mwenyewe. Akaanguka kama gunia. Hakuamka. Mpira ukatoka nje ya boksi, refa macho yakaufuata, filimbi hakupiga.

Brian akatoka golini.

Nikafikiri anaufuata mpira. Hapana. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa yule kijana aliyelala. Otieno akamfuata. Beki mwingine naye akaja. Mmoja ameshika kichwa na shingo visitikisike, mwingine ameinama kusikiliza pumzi, wa tatu anawasukuma watu nyuma wapate hewa. Ilikuwa kama wodini kabisa, ila kwa kaptula.

Na mpira unarudi! Winga wao aliuleta taratibu, akachungulia golini, akakuta hakuna mtu, akausukuma ndani na kushangilia.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya uwanja napiga kelele, "Rudini golini! Brian! Rudi golini!"

Otieno bila hata kuinua kichwa akanijibu, "Madam, airway kwanza! Si wewe ulitufundisha?"

Airway ni njia ya hewa, na kweli ni mimi niliyewafundisha. Nilikuwa na hasira na nilikuwa najivunia, vyote mara moja, na machozi yakanitoka mbele ya watu wa Muhoroni.

Yule straika akafungua macho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Tumefunga ngapi?" Wakamwambia asiongee.

Sasa kikao.

Kanda yetu ina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Kikao hukaa nyuma ya jiko la mwenyeji, baada ya mechi ya mwisho, na mwenyeji hapakui chakula mpaka jambo likubaliwe. Sufuria zipo hapo hapo unaziona. Nasikia ilianzishwa kwa sababu zamani watu walikuwa wakila halafu wanapotea. Siku hiyo ilikuwa kuku na ugali, na harufu ilikuwa inatusemesha.

Mwenyekiti akasoma pendekezo. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikainuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu haki na usawa, lakini baada ya yale niliyoyaona uwanjani hotuba yote ilinitoka kichwani. Nikauliza tu lile swali langu la siku zote.

"Kabla mtutoe, naomba mtu mmoja aniambie. Mlitukubali kwa nini toka mwanzo?"

Bwana Okoth anaangalia sufuria. Mwenyekiti anaangalia karatasi yake.

Ndipo mwanamke aliyekuwa amekaa kando akaongea. Madam Rose, kocha wa netiboli wa chuo hicho hicho cha Bwana Okoth. Huwa anakuja vikaoni lakini sikuwahi kusikia sauti yake.

"Ni kwa sababu yangu," akasema. "Bila nyinyi wadogo, wasichana wangu watacheza na nani?"

Akaeleza polepole. Chama cha taifa hakitambui mchezo wa kanda kama vyuo vinavyoucheza ni vichache mno. Vyuo vingi vya football havina netiboli. Sisi wadogo tukitoka, netiboli ya kanda inakufa, na wasichana wake wanakufa nayo. Voliboli vile vile. Waliounda chama walilijua hilo. Waliofuata walikuta tu kila mtu ndani, hawakuuliza.

Bwana Okoth akamgeukia. "Ai, Rose! Mbona hukusema haya yote?"

"Mliniuliza lini, Bwana Okoth? Tukifika hapa tunaongea boli mpaka kuku inapakuliwa."

Wakuu, nilitaka kumkumbatia.

Okoth akakuna kichwa. Halafu akasimama, na ile sauti yake.

"Basi mimi nasema hivi. Wale hawana boli wabaki na michezo yao. Lakini mambo ya boli wasipige kura, watuachie. Na hawa watu wa Mamboleo, tafadhali, naomba kwa heshima, wasirudi kwa uwanja. Kijana yangu wamemsaidia, erokamano, asante. Lakini hiyo mechi nimesikia aibu kuishinda."

Mtu akauliza kwa utani, "Na lile goli la mwisho?"

"Aa! Goli ni goli, bwana."

Tukacheka. Kura zikapigwa, ikapita. Tulipoteza sauti yetu kwenye football, maana yake ratiba wanapanga wao na sisi tunafuata, na wasichana wangu sasa hubadilishana zamu wodini ndio wasafiri. Hiyo bei niliikubali macho wazi. Chakula kikapakuliwa.

Aliyechukia ni Brian. Kwenye basi alinikalia karibu, "Kwa hivyo Madam hatuchezi tena?" Nikamwambia amshukuru Mungu. Akanuna mpaka tunafika.

Msimu ukaendelea. Netiboli yetu ikafika fainali ya kanda, na tulikutana na nani? Wasichana wa Madam Rose.

Tulifungwa kwa goli moja. Mpira wa mwisho alikuwa nao Adhiambo. Alisimama vizuri, akarusha vizuri, ukazunguka pete, ukazunguka tena, ukatoka nje.

Filimbi ikalia. Wale wasichana wakarukiana wakipiga nduru. Adhiambo akakaa chini pale pale chini ya pete, akafunika uso kwa jezi. Nikaenda nikakaa naye kwenye vumbi. Niliumia kama ni mimi niliyekosa.

Kisha akatoa uso kwenye jezi.

"Madam, nimeshindwa na watu nimewaona. Nilimwangalia yule GK wao, mlinzi wa pete, kwa macho, akanizidi. Hiyo naweza kulala nayo." Akafuta pua. "Lakini kama ningetolewa na kile kikao cha kuku, ningelala nayo aje?"

Akasimama, akaenda kumpa mkono yule GK. Wakashikana muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mwenzake naye alikuwa analia. Ni wa mwaka wa tatu pia.

Nilichojifunza ni kidogo. Tukiwa na kitu pamoja na watu wakubwa, tunadhani wanatubeba kwa huruma, na wao pia wanadhani hivyo. Kumbe kuna mtu ndani ya nyumba yao anatuhitaji, ila yeye hukaa kando na hakuna anayemuuliza.

Sasa wenye vyuo vyenye football mko humu, najua. Nyinyi pia mna Madam Rose wenu? Na mlishawahi kumuuliza neno? Semeni, nasoma zote, hata za kunicheka.