Ndani ama Nde, Kwa Ami Salim

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimekunywa kitu. Ningekunywa nini Jeddah? Chai tu. Na chai hiyo ndiyo iliyotaka kuniponza.

Nilikuwa dereva wa familia moja kule kwa miaka mingi. Nikishamaliza shughuli za madam, nilikuwa na mahali pangu: duka la Ami Salim, kwenye mtaa wa gereji uliokuwa kusini mwa mji. Mtaa wenyewe haupo tena. Ulibomolewa wote, gereji, kinyozi, mkahawa wa maharagwe, na yule fundi viatu aliyeshona vya kila mtu isipokuwa vyake. Lo, mtaa ule! Ulinuka grisi na mkate wa moto, na hakuna aliyekosa jina la utani. Kwetu Kenya watu wana baa zao. Sisi tulikuwa na Ami Salim.

Ami alikuwa Mhadhrami aliyelelewa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko hasa. Enzi zile adhana ikilia, kila duka lilifungwa. Ami alishika mlango wake wa chuma, ule wa kuteremsha, akauliza, "Ndani ama nde?" Nde kwao ni nje. Ukisema nde, ulitoka ukaenda zako. Ukisema ndani, alikufungia kwa kufuli naye akaenda msikitini, na hutoki mpaka arudi. Sisi Wakristo, madereva na mafundi, tulijibu ndani kabla hajamaliza kuuliza. Rafiki yangu Musyoka, fundi wa kuchomelea vyuma, alitupikia chai yenye iliki tele, kila mtu na kikombe chake cha bati. Mimi nilikalia debe la rangi alilonihifadhia, na ole wako ulikalie. Niamini, sijawahi kupata raha kama ile ya kufungiwa dukani.

Mtaa ulipobomolewa, Ami alihamia kwa mwanawe Riyadh, akafariki huko. Musyoka alirudi Machakos akiwa mgonjwa. Mazishi yake niliyaona kwenye simu, nimeegesha gari nje ya shule ya watoto wa madam. Nililia mpaka watoto wakaniuliza kulikoni.

Sasa sikiliza. Kafili, yule mwajiri aliyenidhamini kule, alikuwa amekubali nirudi nyumbani kabisa. Tiketi ninayo, na mke wangu kule Kitale alishapaka nyumba rangi kunisubiri. Jioni moja kabla ya safari, nikitoka kuosha gari, nikaona nipite niage ule uwanja mtupu. Magharibi ilikuwa inaingia. Nikashuka garini. Adhana ikaanza, na nyuma yangu nikasikia mlango wa chuma ukiteremshwa. Mlio ule ningeutambua hata nikiwa usingizini.

Nikageuka. Duka lilikuwa palepale pake, taa inawaka, harufu ya iliki imetanda. Ami Salim kashika mlango nusu, na kilemba chake kimekaa upande kama siku zote. Ndani, Musyoka anakoroga chai. Utasema ningekimbia? Hata wewe usingekimbia. Nilijawa na furaha hata nikasahau kwamba hao watu wawili wamekufa.

"Ndani ama nde?" Ami akauliza.

Mdomo wangu ulishafunguka. Ndani, ningesema nini kingine? Nilikuwa nimeinama tayari kupita chini ya mlango, nikitafuta debe langu kwa macho. Ndipo Musyoka akainua miguu yake yote miwili akaiweka juu ya lile debe.

"Huyu hakai, Ami. Huyu ni wa nje."

"Musyoka, ni mimi!" nikasema, na kweli niliumia.

"Najua ni wewe. Bibi yako anakungoja. Enda nyumbani, buda."

Hakuwa akitabasamu. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesukuma mlango usifunguke. Hapo ndipo nikakumbuka mazishi, nikarudi nyuma. Nikasema, "Nje, Ami. Mimi ni wa nje."

"Haya," Ami akasema, "mpe chai yake, anwe huko nde."

Mkono wa Musyoka ukanipitishia kikombe changu cha bati chini ya mlango. Nikakipokea. Mlango ukashuka, kufuli likalia, kisha pakawa na uwanja tu, na gari la madam taa zikiwaka. Nilikunywa chai ile nimesimama, machozi yananitoka, na ilikuwa tamu kama zamani. Iliniunguza ulimi, nikasafiri nao hivyo hivyo.

Kikombe ninacho, kinaning'inia jikoni kwetu. Nani angeniamini bila hicho? Siogopi, na nikikumbuka nacheka peke yangu, maana kumbe ule mtaa haukwenda mbali, na rafiki yangu bado ananilindia lile debe. Ila nawe ukipita kule saa ya magharibi ukasikia mlango wa chuma pasipo na duka, wasalimie, lakini usijibu kwa mazoea. Raha ile ina kufuli.

Mimi mwenyewe bado najihadhari. Jioni mke wangu akifunga mlango huniuliza kama niko ndani. Kwanza nachungulia nimwone uso. Nikishahakikisha ni yeye, najibu kwa sauti kubwa, mpaka majirani wanasikia: ndani!